Chatu Wawili, Sanduku Moja

Kericho, 11 Februari 1934

Kwa ndugu yangu Joab,

Leo ni Jumapili, na ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke Uyoma. Mimi sijambo. Kifua kilinisumbua wakati wa Krismasi, sasa kimetulia. Mama hajambo? Macho yake je? Nawasalimu Beldina wako na Dorcus wangu na Baba Mdogo Lazarus. Huku ni ukungu, kazi, kulala, tena ukungu.

Habari mpya ni kwamba sichumi majani ya chai tena. Bwana Mdogo, yule anayemsaidia meneja, ana nyoka. Usicheke. Ana chatu wawili, jike mkubwa na dume mdogo, waliokamatwa kule chini upande wa Sondu, na anawafuga kama wazungu wengine wanavyofuga mbwa. Alitafuta mtu wa kuwaangalia na kambi nzima ikakataa. Mpishi wake ni Mkisii, anaitwa Mokaya, mtu wa mdomo. Akamwambia, "Bwana, tafuta Mjaluo. Hao nyoka ni ndugu zao." Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Sikukataa. Wewe unajua kwetu chatu akiingia bomani hapigwi. Ni mgeni, anapewa kuku, na watu wanaangalia mawingu. Nilimshika yule mkubwa kwa mikono miwili na Bwana akafurahi sana.

Kila mmoja ana sanduku lake, limetengenezwa kwa mbao za masanduku ya chai, mbele kioo, juu waya. Bwana amenionya wasikae pamoja hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini, maana ni mume na mke. Akasema nyoka hana mke. Akasema mmoja akipata wadudu atampa mwenzake, na mmoja akitapika hutajua ni yupi mgonjwa, na ukiwalisha pamoja watashika mnyama mmoja, na mkubwa akianza kumeza hajui kuacha. Nikasema ndiyo, Bwana.

Sasa neno lenyewe. Nilikuwa nije mwezi wa nne tupande. Siji. Bwana anaenda Ulaya kwa likizo mpaka mwezi wa kumi, na amesema atatia sahihi kwenye kipande changu, hiki cheti cha kazi ninachokivaa shingoni, akirudi na kuwakuta nyoka wake wazima. Nikiondoka bila sahihi mimi ni mtoro wa kazi, na mtoro hufungwa. Mwambie Dorcus. Mwambie polepole.

Ni mimi ndugu yako,
Ojwang'

*

Uyoma, 25 Machi 1934

Kaka Ojwang', mchunga nyoka,

Salamu nyingi. Barua yako ilifika imelowa upande mmoja lakini tuliisoma yote. Sisi ni wazima. Mama jicho la kushoto limefunga kabisa, la kulia bado linatofautisha mbuzi na mtu. Ng'ombe mwekundu amezaa. Beldina ana mimba, nadhani ulikuwa hujui.

Nilimsomea Mama habari za chatu na akapiga kigelegele. Anasema umepewa kazi ya heshima na kwamba mwaka huu mvua itanyesha kwetu kwa sababu yako. Baba Mdogo Lazarus alikuwepo. Yeye ni mzee wa kanisa, akasema hayo ni mambo ya gizani. Halafu akauliza mnawapa kuku au mayai.

Nilimwambia Dorcus kwamba hutakuja kupanda. Alikuwa anatwanga mtama. Aliendelea kutwanga.

Shamba lako nitalilima pamoja na langu, usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Joab

*

Kericho, 6 Mei 1934

Kwa ndugu yangu Joab,

Nimefurahi kusikia habari ya Beldina. Mungu amlinde. Asante kwa shamba.

Bwana ameondoka. Nyumba yake imefungwa, tumebaki Mokaya na mimi na nyoka kwenye kibanda cha nyuma. Mokaya hapiki tena kwa sababu hakuna wa kupikiwa, basi anakuja kukaa mlangoni kunisumbua. Haingii ndani. Kwao nyoka ni wa kupigwa fimbo tu.

"Huyu mkubwa anakula nini?"

"Sungura. Kila baada ya wiki mbili."

"Sungura mzima? Mimi Bwana hajawahi kunipa hata mguu wa sungura."

"Ingia ndani ya sanduku, utapewa."

Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya mchana kutwa. Usiku tunalala watano chumba kimoja hapa kambini, miguu kwa kichwa, na mtu akigeuka wote tunageuka.

Katika barua yako uliniambia Dorcus aliendelea kutwanga. Baadaye alisema nini?

Ojwang'

*

Uyoma, 17 Juni 1934

Kaka yangu Ojwang',

Tuko hai, tunakusalimu. Mama anakusalimu zaidi.

Mvua imekuja. Mama anasema ni ya chatu wako, na kama ni hivyo uwaambie imetosha. Ilinyesha siku nyingi bila kupumzika, ikabeba udongo wa shamba la chini, na usiku mmoja nyumba ya Dorcus ikaanguka, ukuta wa nyuma kwanza kisha paa. Yeye hakuumia. Alitoka na blanketi na chungu. Sasa analala kwa Mama, anapika jikoni kwa Beldina. Wanapika chungu kimoja, wanakaa vizuri.

Nilitaka kuanza kujenga nyingine mara moja, mwenye nyumba akiwa njiani au asiwe njiani. Baba Mdogo Lazarus akanizuia. Wewe hukukulia ugenini, unajua mambo haya, lakini acha niyaandike kama alivyoyasema. Nguzo ya kwanza ya nyumba ya mke husimamishwa na mume. Mkono mwingine ukiisimamisha, nyumba ni ya mkono huo, na mke pia, na yule mume anahesabiwa amekufa, hata kama anapumua huko aliko. Nikamwambia, Baba, wewe si ndiye uliyesema mambo ya chatu ni ya gizani? Akasema haya si mambo ya gizani, haya ni mambo ya nyumba.

Basi tunakungoja wewe.

Joab

*

Kericho, 22 Julai 1934

Kwa ndugu yangu Joab,

Salamu kwa Mama, kwa Beldina, kwa wote. Pole kwa nyumba. Pole kwa Dorcus.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilikwenda kwa karani kuomba ruhusa ya wiki mbili tu nije nisimamishe nguzo nirudi. Karani akafungua kitabu, akasema mimi si mtu wa shamba tena, mimi ni mtu wa Bwana Mdogo, na Bwana Mdogo yuko baharini au Ulaya, hajui wapi. Nyapara akacheka, akasema, "Kaombe nyoka." Waambieni wazee wangoje mwezi wa kumi.

Huku ni baridi ambayo siwezi kukueleza. Wiki iliyopita ilinyesha mvua ya mawe na majani yote ya juu yakakatika. Nyoka wakawa kama kamba. Jiko la makaa ni moja, sikuweza kupasha masanduku mawili. Nilihamisha jiko usiku kutoka hili kwenda lile, huyu akipata joto yule anakauka, mpaka nikachoka. Nikafikiri, sisi watu watano tunalala pamoja ndio maana hatufi. Na nikafikiri kwetu mgeni halazwi peke yake penye baridi. Basi nimemtoa yule mdogo nikamweka kwa mkubwa, sanduku moja, jiko kando yake, na blanketi langu juu ya waya.

Asubuhi niliwakuta wamejikunja pamoja, huyu juu ya yule, kama mkeka uliokunjwa. Nilifurahi. Ni mara ya kwanza kufurahi tangu sijui lini. Nikamwita Mokaya aone. Akachungulia kutoka mlangoni.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Wanapendana."

"Wewe unaona mapenzi. Mimi naona mmoja amemkalia mwenzake ili apate joto."

Ni mtu wa mdomo, nimeshakuambia.

Dorcus mwenyewe anasema nini kuhusu nguzo? Hukunijibu ile mara ya kwanza.

Ojwang'

*

Uyoma, 26 Agosti 1934

Kaka,

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya mavuno. Mtama umetoka vizuri, wako na wangu. Mama ni mzima ila anajikwaa. Nilimsomea kwamba umewaweka chatu pamoja ukawafunika blanketi lako, akasema umefanya kama mtoto wake.

Beldina amejifungua mtoto wa kike. Tumemwita Jerusa.

Dorcus amekonda. Si ugonjwa. Jikoni ni kudogo, Beldina ana mtoto, na wanawake wawili kwenye jiko moja, mmoja lazima angoje. Mara nyingi anayengoja ni yeye.

Nimekata miti ya nyumba. Iko nyuma ya boma, nimeiambua maganda, inakauka. Nimeikata ili ukija uikute tayari.

Joab

*

Kericho, 16 Septemba 1934

Joab,

Hongera kwa mtoto Jerusa. Salamu kwa wote.

Miti uliyokata ni sawa. Iache ikauke.

Kuhusu nyoka sina la kusema leo. Bwana atarudi mwanzo wa mwezi wa kumi.

Dorcus anasema nini?

Ojwang'

*

Uyoma, 30 Septemba 1934

Kaka yangu Ojwang',

Nakusalimu kwa heshima. Tuko wazima, isipokuwa Mama anaita jina lako akinitazama mimi, ni macho tu.

Barua hii ni ya wazee, mimi ni mkono tu. Walikutana kwa Baba Mdogo Lazarus. Wamesema mvua ndogo inakuja, na mke wa mtu hawezi kulala kwa mama mkwe mwaka mzima kama mgeni aliyesahauliwa. Wamesema miti imekauka. Wamesema Jumamosi tarehe 27 Oktoba watakuja na shoka na kamba, na pombe itakuwepo, na kama hujafika mimi ndiye nitakayesimamisha nguzo ya kwanza. Kama umefika utasimamisha wewe. Hawatasogeza siku.

Wewe utataka kujua mimi nataka nini. Sitasema. Nikisema sitaki, Dorcus atasikia. Nikisema nataka, wewe utasikia. Beldina hasemi nami siku hizi.

Umeniuliza mara nyingi Dorcus anasema nini. Hasemi. Alisema mara moja tu, jana, mbele ya Baba Mdogo alipomwuliza kama atanikubali. Alisema, "Mwambieni huyo mlisha nyoka kwamba na mimi hula, na mimi hulala." Baba Mdogo akamwuliza tena, akasema, "Siku hiyo nitakaa pale kwenye uwanja wa nyumba. Atakayekuja na nguzo namwona."

Hayo ndiyo yote.

Joab

*

Kericho, 20 Oktoba 1934

Kwa ndugu yangu Joab,

Salamu kwa Mama, na Beldina, na mtoto Jerusa, na Baba Mdogo na wazee wake. Ni miaka miwili sasa tangu nitoke. Sijambo. Barua yako ilikaa posta na nikaipata Jumatatu.

Mwezi uliopita sikukuandikia habari za nyoka. Sasa nitakueleza, maana ndizo zinazoamua mengine.

Mokaya alikuwa amesema kweli. Hawakuwa wanapendana. Yule mkubwa alikuwa juu, upande wa jiko, na mdogo chini yake, upande wa ubao wenye unyevu. Mdogo akaacha kula. Baadaye nikaona wadudu weusi, wadogo kama vumbi la baruti, kwenye macho ya mkubwa, na wiki iliyofuata kwenye macho ya mdogo. Asubuhi moja nikakuta matapishi na sikujua ni ya nani. Yote Bwana alikuwa ameyasema. Ningewatenganisha, lakini baridi ilikuwa haijaisha na jiko lilikuwa lile lile moja.

Wakati wa kuwalisha nilikuwa namtoa mdogo nje kwanza. Mwisho wa mwezi wa nane majani yalichipua yote kwa wakati mmoja, nyapara akaita kila mtu mwenye mikono, hata mpishi, hata mimi. Alikuwa mlangoni anapiga kelele. Nikatupa sungura wawili ndani, mmoja kona hii na mmoja kona ile, nikafunga waya nikaenda. Nilifikiri kila mtu ana chake.

Tuliporudi mchana wote wawili walikuwa wameshika sungura mmoja. Huyu kwa kichwa, yule kwa miguu. Mkubwa alikuwa amemaliza sungura na hakuacha. Alikuwa anaendelea na mwenzake, kichwa chote cha mdogo kilikuwa tayari ndani ya mdomo wake na shingo inaingia. Na Joab, yule sungura mwingine alikuwa kwenye kona yake, mzima, anajilamba mguu. Hakuna aliyemgusa.

Nilimwaga maji baridi. Nilimshika mkubwa nyuma ya kichwa. Mokaya akaingia ndani, Mkisii aliyeapa hataingia, akashika mkia wa mdogo akavuta, analia na kunitukana mimi na ukoo wetu wote. Yule mdogo alitoka. Alikuwa ameshakufa. Tulimzika nyuma ya kibanda na nilimfunika na kipande cha blanketi kwa sababu ya Mama.

Mkubwa alibaki, lakini tulipovuta, meno ya mdogo yalimchana mdomo, na mdomo ukaoza. Tangu siku hiyo hali kitu. Namwosha kwa maji ya chumvi kwa unyoya.

Bwana alirudi tarehe nane. Alitazama sanduku tupu, akatazama lenye nyoka. Hakupiga kelele. Alisema, "Nilikuambia." Nikasema ndiyo. Alisema nitamtibu huyu aliyebaki mpaka ale mwenyewe, na hapo ndipo atakapotia sahihi. Labda mwezi wa pili, labda wa tatu.

Nilipopata barua yako nilirudi kwake. Nilimwambia naomba siku kumi, niende nyumbani kusimamisha nguzo ya nyumba ya mke wangu.

"Nguzo gani?"

"Mti wa nyumba, Bwana."

"Mti mmoja?"

"Mmoja. Ile mingine mtu yeyote anaweza."

"Hakuna mwanaume mwingine kwenu anayeweza kuchimba shimo?"

"Yuko, Bwana."

"Basi mwache achimbe."

"Ndiyo sababu nataka kwenda."

Akasema anaona sijapona baridi ya mwezi wa saba, nikalale. Si mtu mbaya. Hakuelewa tu, na Kiswahili chake na changu havikutosha.

Nimelala siku nne nikifikiri. Si kufikiri sana, nilikuwa kama mtu aliyekaa. Nyoka hali. Anaweza kuishi mwaka bila kula, Bwana mwenyewe amesema. Dorcus hawezi. Leo asubuhi nimemwita Mokaya kwenye kibanda nikamwonyesha chumvi na unyoya na namna ya kufungua mdomo.

"Kwa nini mimi?" akasema.

"Umeshashika mkia."

"Na Bwana akiuliza uko wapi?"

"Mwambie nimekwenda kuchimba shimo."

Akasema, "Ninyi Wajaluo," akachukua unyoya.

Kwa hiyo naja bila sahihi. Kipande changu kiko shingoni na hakina neno la kuniruhusu. Wakitaka kunikamata, watanikuta nyumbani kwangu. Kifungo cha mtoro nimekisikia kwa waliokikaa, kina siku ya kutoka. Hilo jambo lingine halina.

Joab, sikuulizi unataka nini. Umesema hutasema na mimi sitaki kusikia. Umelima shamba langu, umekata miti yangu na kuiambua maganda, na kwa hayo nitakushukuru mbele ya watu. Lakini usichimbe. Usijaribu udongo. Ukiona wazee wamekuja mapema wape pombe wakae. Kwa Dorcus sitoi salamu katika barua hii, mdomo wangu mwenyewe utampa. Mwambie tu nimeuliza uwanja wa nyumba uko upande gani, kama ni pale pale pa zamani, atanionyesha.

Barua hii anaileta Phelix wa Asembo ambaye amemaliza kazi kwa haki na atapanda treni pale Lumbwa, kwa hiyo atafika kabla yangu. Mimi sipandi treni, stesheni wanaangalia vipande. Naondoka kesho jioni watu wakiwa kanisani, nitashuka kwa miguu kupitia Sondu, nitazunguka Kisumu kwa nje, kisha Asembo.

Nitafika Ijumaa, tarehe 26 Oktoba, wakati ng'ombe wanarudi.

Ojwang'